Kiyama kisicho na hesabu: Tunachopata na tunachokosa tukitazama tamthilia ya ‘Fallout’

NENO ‘kiyama’ lina kazi nyingi siku hizi. Mafuriko yakivamia mitaa, tunasema ni kiyama. Msongamano wa magari ukishindikana jioni, abiria ndani ya matatu anapiga simu nyumbani kusema kwamba barabarani leo ni kiyama. Na tangu vijana wetu waanze kufuatilia tamthilia za kigeni zinazosawiri dunia iliyoteketea, neno hilo limebebeshwa mzigo mwingine: tamthilia hizo zinaitwa eti za ‘baada ya kiyama’.

Nina tatizo na kirai hicho. Kiyama tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kusimama. Siku ya Kiyama ni siku ya kusimamishwa: wafu wanafufuliwa, kila mtu anaonyeshwa matendo yake, anahesabiwa. Moto na mtetemeko wa ardhi ni mandhari tu. Kiini cha kiyama ni hesabu. Kwa hiyo anayesema ‘baada ya kiyama’ anazungumzia Pepo na Jahanamu, wala si mtu anayechakura vifusi vya Los Angeles akitafuta kopo la maharagwe.

Kiingereza nacho kina hadithi yake. Neno wanalolitumia wao lilitoka katika Kigiriki, ambako lilimaanisha kufunua kilichofunikwa. Ndiyo maana kitabu cha mwisho cha Biblia, kinachobeba jina hilo kwa Kigiriki, kwa Kiswahili kinaitwa Ufunuo. Maana ya kuteketea kwa dunia ilishikamana na neno hilo baadaye, kwa sababu ya yale yanayosimuliwa ndani ya kitabu chenyewe.

Haya basi, tumepata maneno matatu ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya: maangamizi, ufunuo na hesabu. Katika makala haya nitayatumia kama mizani ya kupimia tamthilia ya Fallout, iliyotolewa na Prime Video ya Amazon mnamo Aprili 2024 na ambayo msimu wake wa pili ulianza kuonyeshwa Desemba 2025. Nitashikilia msimu wa kwanza, wenye sehemu nane, kwa kuwa ndio uliobeba jukumu gumu la kuihamisha gemu hadi kwenye runinga. Msomaji ambaye hajautazama na hapendi kuharibiwa uhondo aahirishe kusoma, kwa sababu siwezi kuhakiki hesabu bila kutaja nani alifanya nini.

Gemu kabla ya tamthilia

Wasomi wetu wengi wa fasihi bado huichukulia gemu kuwa shughuli ya watoto waliokosa kazi ya nyumbani. Msimamo huo umepitwa na wakati. Gemu ya kwanza ya Fallout ilitolewa Marekani mwaka wa 1997 na kampuni ya Interplay, chini ya uongozi wa Tim Cain. Ikafuatwa na nyingine, na hatimaye haki zake zikaenda kwa kampuni ya Bethesda, iliyotoa Fallout 3 mwaka wa 2008. Fallout: New Vegas, iliyoundwa na Obsidian, ilifuata mwaka wa 2010, kisha Fallout 4 mwaka wa 2015. Ni ulimwengu wa kibunilizi uliojengwa kwa miongo, wenye historia, dini, majeshi, nyimbo na hata matangazo ya biashara.

Msingi wa ulimwengu huo ni huu. Marekani ya gemu hizi ilisonga mbele kiteknolojia, ila mavazi, nyimbo na fikra zake zikabaki zile za miaka ya 1950. Tarehe 23 Oktoba 2077 mabomu ya nyuklia yanaanguka. Wachache wenye bahati, au wenye pesa, wanajificha katika mahandaki makubwa yaliyojengwa na kampuni iitwayo Vault-Tec. Huko chini wanaishi vizazi na vizazi wakiwa na bustani, shule, mabaraza na tabasamu. Huku juu, waliosalia wanaishi kwa kunyang’anyana maji.

Sasa, mtu anayecheza Fallout hatazami tu. Anatenda. Na matendo yake yanaandikwa. Gemu nyingi katika msururu huu zina mfumo wa kuhesabu wema na ubaya wa mchezaji: ukiiba, inahesabiwa, ukimpa ombaomba maji safi, inahesabiwa. Mwishoni, katika gemu kadhaa za msururu huu, sauti ya msimulizi hukusomea matokeo ya uliyotenda, jamii moja baada ya nyingine: hawa walistawi kwa sababu yako, wale waliangamia kwa sababu yako. Mchezaji anaketi kimya, hana kitufe cha kubonyeza, anasikiliza kitabu chake kikisomwa.

Ukiniuliza mimi, hicho ndicho kiyama kwa maana sahihi ya neno. Mabomu ya mwaka wa 2077 yalikuwa maangamizi. Kiyama kinakuja mwishoni, pale mchezaji anaposimamishwa mbele ya matendo yake.

Mfano mmoja utatosha. Katika Fallout 3 kuna mji unaoitwa Megaton, uliojengwa kuzunguka bomu la nyuklia ambalo halikulipuka. Mchezaji anaweza kulitegua bomu hilo na kuwaokoa wakazi. Anaweza pia kulipwa ili alilipue, kisha asimame kwenye roshani ya mbali akitazama mji mzima ukigeuka wingu. Uamuzi ni wake. Gemu hiyo ilipopelekwa Japani, uwezekano wa kuulipua mji uliondolewa. Taifa lililopigwa Hiroshima na Nagasaki lina sababu zake za kutotaka kitufe kile kiwe burudani. Tendo la kubuni lililoondolewa katika nchi nzima si mchezo wa watoto.

Utohozi wa gemu

Je, unaihamishaje kazi kama hii kwenye runinga, ambako mtazamaji hana kitufe? Mhakiki wa Kanada Linda Hutcheon, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu nadharia ya uhawilishaji, anatofautisha njia tatu ambazo hadithi humfikia mtu: kusimuliwa, kuonyeshwa na kushirikishwa. Riwaya husimulia, filamu huonyesha, gemu hushirikisha. Kuhamisha kazi kutoka njia moja hadi nyingine ni kupoteza kitu na kupata kingine.

Sisi watu wa isimu tuna neno linaloweza kutusaidia hapa: utohozi. Neno la kigeni linapoingia Kiswahili, haliachwi lilivyo. ‘Schule’ ya Wajerumani ilipofika kwetu ikawa shule, ikaingizwa katika ngeli, ikazaa ‘shuleni’. Leo hakuna anayesikia Ujerumani ndani yake. Utohozi mzuri huheshimu sarufi ya nyumba mpya. Gemu nayo inapotoholewa iwe tamthilia, ni lazima ifuate sarufi ya runinga: wahusika wenye nyuso zao, migogoro inayopanda, siri inayofichuliwa kidogo kidogo.

Wengi walijaribu wakashindwa. Filamu ya Super Mario Bros. ya 1993 bado hutajwa kila mtu anapotoa mfano wa uhawilishaji ulioharibika. Baadaye The Last of Us ya HBO, mwaka wa 2023, ikaonyesha kwamba inawezekana, ila yenyewe ilikuwa na njia nyepesi zaidi: gemu yake tayari ilikuwa na hadithi moja yenye mwanzo na mwisho, na wahusika wawili wanaojulikana. Fallout haina anasa hiyo. Mhusika wake mkuu ni wewe, na njia zake ni nyingi kama za mzingile.

Watunzi wa tamthilia, Graham Wagner na Geneva Robertson-Dworet, walifanya jambo la busara. Hawakuchukua hadithi ya gemu yoyote. Walichukua ulimwengu, wakatunga hadithi mpya inayofanyika mwaka wa 2296, kisha, kwa jinsi ninavyoisoma mimi, wakampasua mchezaji katika vipande vitatu. Lucy MacLean, anayeigizwa na Ella Purnell, ni mchezaji mgeni: anatoka handakini akiamini kwamba ukimtendea mtu wema naye atakutendea wema. Maximus, anayeigizwa na Aaron Moten, ni yule mchezaji anayetamani silaha kubwa na deraya ya chuma hata kabla ya kujua ataitumia kwa nini. Wa tatu ni mwindaji wa watu aliyeharibiwa na mionzi, mwenye uso usio na pua, aliyeishi zaidi ya miaka 200. Huyu ni mchezaji mzoefu. Ameyaona yote, haamini lolote, na kuna mahali anapolalamika kwamba katika nyika hii kila mwenye safari hupotezewa njia na upuuzi usiokwisha. Aliyewahi kucheza gemu hizi atacheka, kwa kuwa ndivyo zilivyo.

Mhusika huyo anaitwa The Ghoul. Neno hilo Kiingereza kililichukua kutoka Kiarabu, na kwetu jina linalomfaa bila mjadala ni Zimwi. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sikuwahi kuiona methali hiyo ikiigizwa kwa uaminifu kama hapa. Lucy anamng’ata Zimwi kidole mpaka kinakatika. Zimwi naye anamkata Lucy kidole. Kimoja kwa kimoja. Kisha anamwongoza hadi mahali pa kumuuza. Hamli akamwisha. Na kadiri sehemu zinavyosonga, tunagundua kwamba zimwi hili linamjua Lucy kuliko yeye anavyojijua, kwa sababu linamjua baba yake. Walton Goggins, anayeliigiza, anabeba tamthilia hii mabegani. Macho yake pekee, ndani ya uso ule uliochomeka, yana huzuni ya mtu aliyewahi kuwa baba.

Dole gumba la Cooper Howard

Zimwi halikuzaliwa zimwi. Kabla ya mabomu alikuwa Cooper Howard, mwigizaji maarufu wa filamu za wachunga ng’ombe. Tamthilia inaanzia kwake, katika sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto fulani kule Los Angeles mwaka wa 2077, ambako ameajiriwa kuwachangamsha wageni. Binti yake yuko naye. Wageni wanataka apige picha akiinua dole gumba, naye anakataa. Baadaye binti anauliza kuhusu jambo hilo, na baba anamweleza alichofundishwa jeshini: bomu likilipuka, nyoosha mkono, inua dole gumba, pima wingu. Likiwa dogo kuliko dole lako, kimbia. Likiwa kubwa, usijisumbue. Muda mfupi baadaye wingu la kwanza linapaa kwenye upeo. Msichana ananyoosha mkono wake mdogo, kisha anauliza kama dole linalotumika kupimia ni lake au la baba.

Nimeona filamu nyingi za vita. Ni chache zilizo na swali dogo zito namna hiyo.

Lakini uzito wake kamili unakuja baadaye. Tunapelekwa nyuma na kugundua kwa nini Cooper alikataa kuinua dole. Alikuwa ameliuza. Aliajiriwa na Vault-Tec kutangaza mahandaki, akavalishwa sare ya bluu na manjano, akaambiwa ainue dole gumba mbele ya kamera. Picha hiyo ndiyo iliyozaa yule kijana mchoro anayetabasamu kwenye mabango yote ya kampuni, ambaye wachezaji wamemjua tangu miaka ya 1990. Dole lile lile lililouza hofu ndilo linalopima wingu. Hapa tamthilia imefanya ambacho gemu haikuwahi kukifanya kwa namna hii: imechukua nembo ya biashara ikaigeuza kuwa jeraha la mtu mmoja.

Huu ndio ufunuo niliouzungumzia mwanzoni. Msimu mzima ni kazi ya kuondoa vifuniko. Norm, ndugu yake Lucy aliyebaki chini, ni kijana asiye na bidii anayejua jambo moja tu, kuuliza maswali. Anagundua kwamba viongozi wa Handaki la 33, wanaochaguliwa kila mara kwa kura na vifijo, wote walitoka Handaki la 31. Na anapolifikia Handaki la 31 haoni jamii yoyote. Anaona maofisa vijana wa Vault-Tec waliogandishwa tangu mwaka wa 2077, wakisubiri zamu yao ya kuyeyushwa na kwenda kutawala. Msimamizi wao ni ubongo wa meneja wa zamani, uliowekwa juu ya mashine ndogo inayotambaa sakafuni. Ni kichekesho, ila ni kichekesho kinachokata. Demokrasia ya handaki ni mchezo wa kuigiza ulioandikwa na ofisi ya wafanyakazi.

Kifuniko cha mwisho kinaondolewa katika kikao cha kampuni. Cooper, anayemshuku mkewe Barb aliye mkubwa katika Vault-Tec, anasikiliza kwa siri mkutano wa wakuu wa makampuni. Wanalalamika kwamba mazungumzo ya amani yatawaharibia soko. Nani atanunua nafasi handakini ikiwa vita havitakuja? Ni Barb anayetoa jibu: wanaweza kuangusha bomu wao wenyewe. Sauti haipandi. Hakuna anayepiga meza. Ni mjadala wa faida, kama mwingine wowote.

Naisifu tamthilia kwa kutoinua sauti hapo. Tumezoea hadithi ambamo dunia inaangamizwa na mwendawazimu mmoja. Hapa inaangamizwa na kumbukumbu za mkutano. Wapo watakaosema kwamba kuna unafiki katika kejeli hii, kwa kuwa tamthilia yenyewe inauzwa na Amazon, mojawapo ya kampuni kubwa zaidi duniani. Hoja hiyo ina mashiko, ila haibatilishi kazi. Mshairi wa kasri naye aliweza kumsema sultani, mradi ajue kuficha. Swali la muhimu kwangu ni jingine: baada ya kufunuliwa, nani anahesabiwa?

Shahidi au mshtakiwa?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wahakiki walioimwagia tamthilia hii sifa zisizo na kasoro, hata ikateuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka wa 2024.

Katika sehemu ya mwisho tunafahamu kwamba baba yake Lucy, Hank MacLean, anayeigizwa na Kyle MacLachlan, alikuwa mmoja wa wale maofisa waliogandishwa. Mkewe alipogundua kwamba juu kuna uhai, akatoroka na watoto hadi mji wa Shady Sands, Hank aliwarudisha watoto, kisha akauangamiza mji kwa bomu. Mji uliokuwa na shule, maktaba na usafiri wa umma, uliothibitisha kwamba watu wanaweza kuanza upya bila kampuni, ukawa shimo. Maximus ni mtoto aliyesalimika siku hiyo kwa kujificha ndani ya friji. Lucy anamtazama baba yake, kisha anamtazama mama yake, ambaye sasa ni zimwi lisilo na akili, na anafanya la huruma lililobaki: anammalizia maumivu.

Ni mandhari yenye nguvu. Hata hivyo, linganisha na Megaton. Katika gemu, mkono uliokuwa kwenye kitufe cha bomu ulikuwa wangu, mchezaji. Katika tamthilia mkono ni wa Hank. Mimi niko kwenye kochi, nina kikombe cha chai, nashangaa jinsi baba wa watu alivyo katili. Nimetolewa kizimbani nikaketishwa kwenye benchi la mashahidi. Tamthilia imenipa ufunuo mkubwa kuliko gemu, lakini imenipokonya hesabu.

Ndiyo maana sikuwacheka wachezaji waliozua zogo kuhusu ubao mmoja. Katika sehemu inayofanyika Handaki la 4, ubao wa darasani unaonyesha kwamba Shady Sands ilianguka mwaka wa 2277. Gemu ya New Vegas, ambamo dola iliyoanzia mji huo ingali na nguvu, inafanyika mwaka wa 2281. Mashabiki walihisi kwamba gemu yao imefutwa, mpaka wasimamizi wa Bethesda wakalazimika kueleza kwamba bomu lenyewe lilianguka baada ya matukio ya New Vegas. Wengine waliona ni ugomvi wa watu wazima kuhusu tarehe za kubuni. Mimi nauona tofauti. New Vegas ina miisho kadhaa, kila mmoja ukitegemea mchezaji aliunga mkono upande upi. Aliyetumia mamia ya saa kuamua hatima ya jangwa lile ana kitabu chake cha matendo. Ukimwambia kwamba yote yaliishia kwenye wingu la Hank, umemwambia hesabu yake haikuwa na maana. Waliyoililia haikuwa kalenda.

Katika ngano zetu, fanani husema paukwa, hadhira ikajibu pakawa. Jibu lile ni zaidi ya adabu, kwani ni namna ya kukubali kwamba linalosimuliwa linatuhusu sote tuliomo humu ndani. Runinga haina pakawa. Mtunzi mwerevu hutafuta njia ya kuirudisha, na kwa haki, watunzi wa Fallout wameipata mara moja.

Ni katika hilo Handaki la 4. Lucy anakaribishwa na watu wenye maumbile yasiyo ya kawaida, wengine wana jicho moja. Ni wakarimu mno. Mtazamaji, kama Lucy, anaanza kuwashuku. Kuna ghorofa wanayoambiwa wageni wasiikaribie. Lucy anaingia, anaona rekodi za kutisha za majaribio yaliyofanyiwa binadamu, na anahitimisha kwamba wenyeji wake ni mazimwi. Kumbe waliofanya majaribio walikuwa wanasayansi wa zamani. Hawa wenye maumbile tofauti ni kizazi cha waathiriwa waliowapindua. Anakamatwa, anahukumiwa, na sisi tunaamini atauawa. Hukumu yenyewe ni kurudishwa juu, akiwa amefungashiwa chakula cha wiki mbili.

Mtunzi ametutega tukategeka. Kwa dakika hizo chache nilihesabiwa pamoja na Lucy. Laiti msimu mzima ungekuwa na mitego mitatu zaidi ya aina hiyo, badala ya risasi na viungo vinavyoruka hewani huku nyimbo tamu za miaka ya 1940 zikicheza. Kejeli hiyo ya wimbo mtamu juu ya damu inachekesha mara ya kwanza na ya pili. Kufikia mara ya saba imekuwa mazoea. Kifo kinapokuwa kichekesho kila wakati, hakuna mfu anayehesabiwa.

Mchanga wa Kolmanskop

Kuna hesabu nyingine ambayo tamthilia haiitaji kabisa, nayo inatuhusu sisi wa bara hili. Nyika ya California tunayoiona si California yote. Baadhi ya picha zilipigwa Namibia, katika Pwani ya Mifupa na katika mji mahame wa Kolmanskop, karibu na Lüderitz. Zile nyumba zilizojaa mchanga hadi madirishani hazikuhitaji kompyuta kuzitengeneza.

Mwaka wa 1908 mfanyakazi wa reli aitwaye Zacharias Lewala aliokota almasi mchangani akampa msimamizi wake, Mjerumani August Stauch. Aliyetajirika ni Stauch. Utawala wa Kijerumani ukalipiga marufuku eneo kubwa la jangwa, ukaliacha kwa makampuni. Kolmanskop ikapata hospitali, ukumbi wa dansi na kiwanda cha barafu katikati ya jua lile. Almasi ilipopatikana kwa wingi zaidi kwingine, watu wakaondoka, na kufikia mwaka wa 1956 mji ulikuwa umeachwa kwa upepo. Miaka michache tu kabla ya almasi ile kuokotwa, karibu na bandari hiyo hiyo ya Lüderitz, katika Kisiwa cha Shark, Waherero na Wanama walifungwa kambini wakafa kwa njaa, baridi na kazi za shuruti. Hiyo ni sehemu ya mauaji ya kimbari ya 1904 hadi 1908, ambayo Ujerumani ilikubali kuyaita hivyo mwaka wa 2021.

Sisemi kwamba tamthilia ya burudani ilipaswa kugeuka somo la historia. Ninachosema ni hiki: kampuni ya kubuni iliyoangamiza watu kwa ajili ya soko imepigiwa picha katika mji wa kweli uliozaliwa na kufa kwa ajili ya soko, jirani na kambi ya kweli. Marekani inawaza maangamizi yake ya mwaka wa 2077 huku ikisimama juu ya mchanga ambao maangamizi yake yalishapita. Kwa Mnama wa mwaka wa 1907, dunia ilikuwa imekwisha tayari. Anayetazama bila kujua hayo ameona mandhari nzuri. Anayejua ameona zaidi.

Wale ni sisi

Fasihi ya Kiswahili imepita njia hii. Euphrase Kezilahabi, katika Mzingile (1991), anatufikisha katika dunia iliyoteketea na kuwaachia waliosalia kazi ya kuanza upya. Na kwetu Kenya, Katama Mkangi alitunga Walenisi (1995), riwaya ambayo shujaa wake Dzombo anahukumiwa kifo na utawala dhalimu, akafungiwa katika chombo cha angani ili aangamie, akajikuta katika nchi iliyopangwa kwa haki. Jina la nchi hiyo ni fumbo lililofumbwa waziwazi: wale ni sisi.

Hilo ndilo neno lililokosekana katika mahandaki ya Vault-Tec. Walio chini wameaminishwa kwamba walio juu ni washenzi wanaongoja kustaarabishwa. Safari yote ya Lucy ni kugundua kwamba walio juu walishajenga mji wao, na kwamba aliyeubomoa alikuwa akimsomea yeye hadithi za kulala. Wale walikuwa sisi. Mkangi angeongeza hatua moja ambayo tamthilia inasita kuipiga: na sisi, tunaotazama, tu wapi kati ya hao?

Kwa sababu hiyo napendekeza tuwe waangalifu na istilahi. Kazi inayotuonyesha magofu, njaa na mazimwi tu, tuiite bunilizi ya maangamizi, na hakuna aibu katika jina hilo. Jina la kiyama tulihifadhi kwa kazi inayomsimamisha mtu na kumsomea matendo yake, awe mhusika, msomaji, mtazamaji au mchezaji. Kwa mizani hiyo, gemu za Fallout, pamoja na kelele na risasi zake zote, ziliwahi kukifikia kiyama. Tamthilia yake imefika kwenye ufunuo, na imefika kwa ustadi ambao waandishi wetu wa runinga wanaweza kujifunza kwao: dole gumba moja, swali moja la mtoto, kikao kimoja kisicho na kelele.

Itazameni. Ila mkimwona Hank akitoroka jangwani ndani ya deraya yake, msikimbilie kumlaani yeye peke yake. Mahandaki yale yalikuwa na wateja.